Je, naweza kumpenda Yesu huku maneno yake mengine yananiumiza?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Shikamoo. Niliokoka nikiwa sekondari na mpaka leo nampenda Yesu. Mwaka huu nilijiwekea utaratibu wa kusoma Injili zote nne, sura moja kila asubuhi kabla watoto hawajaamka. Mwanzoni nilifurahi sana, lakini sasa nasoma kwa hofu. Katika Luka 14:26 anasema asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Katika Mathayo 6:15 anasema nisiposamehe, nami sitasamehewa. Kaka yangu aliuza shamba la marehemu baba kwa siri, hela akala peke yake, na mama yuko upande wake mpaka leo. Nikieleza kwenye jumuiya naambiwa, "Samehe, sahau, songa mbele." Siwezi. Nikifika kwenye mistari hiyo naruka, na nikipiga magoti kuomba naona kama kuna ukuta. Je, naweza kumpenda Yesu huku maneno yake mengine yananiumiza? Nifanye nini ili yanisogeze kwake badala ya kunitenga naye? Na je, niendelee kushiriki Chakula cha Bwana?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Asifiwe sana.

Kabla sijagusa maswali yako niseme kwamba unavyozisoma Injili ndivyo zinavyostahili kusomwa. Wengi wetu tunaishi na mistari ile ile michache, ile inayoandikwa kwenye kalenda na kwenye vioo vya daladala, na matokeo yake Yesu hatuambii kamwe jambo ambalo hatukuwa tumeshakubaliana nalo. Wewe umemfuata sura kwa sura mpaka ukakutana naye akikupinga. Huyo ndiye Yesu aliyetembea Galilaya, na watu wa kwanza kuumizwa na maneno yake walikuwa wanafunzi wake mwenyewe.

Fungua Yohana 6. Jana yake amewalisha wanaume wapata elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na watu wamefurahi kiasi cha kutaka kumshika kwa nguvu wamfanye mfalme. Leo, katika sinagogi la Kapernaumu, anawaambia kwamba wasipoula mwili wake na kuinywa damu yake hawana uzima ndani yao. Hao ni Wayahudi. Torati yao, katika Mambo ya Walawi 17, inakataza kula damu ya mnyama yeyote, na mwenye kuila anakatiliwa mbali na watu wake. Wakasema jambo lile lile uliloniandikia: "Neno hili ni gumu, ni nani awezaye kulisikia?" Yesu hakulilainisha. Hakuwakimbilia njiani kuwaeleza kwamba hawakumwelewa. Wengi wakarudi nyuma, naye akawageukia wale kumi na wawili akawauliza kama nao wanataka kuondoka.

Petro akajibu: "Bwana! Twende kwa nani? Wewe unayo maneno ya uzima wa milele." Jibu hili tunalihubiri mara nyingi, ila tunapita haraka juu ya kile ambacho halina. Petro hakusema kwamba ameelewa. Hakusema kwamba neno lile kwake ni jepesi. Sioni chochote katika sura ile kinachoonyesha kwamba siku hiyo alifahamu habari ya mwili na damu kuliko wale waliokuwa wakirudi makwao. Alichokuwa nacho ni kumjua aliyesema, na kwa ajili ya kumjua akabaki na lile gumu likiwa bado gumu.

Endelea mpaka mwisho wa sura, mahali ambapo wengi hatufiki. Yesu anasema mmoja wa kumi na wawili ni shetani, na Yohana anaeleza kwamba alikuwa akimsema Yuda. Yuda naye alibaki! Miguu yake haikuondoka Kapernaumu pamoja na wale wengine. Lakini siku ile, wakati wengine walinung'unika waziwazi na Petro akajibu waziwazi, Yuda hatusikii akisema neno lolote. Kwa hiyo mtu anaweza kumwacha Yesu kwa kuondoka, na anaweza pia kumwacha akiwa amekaa palepale, amenyamaza.

Hapo ndipo ninapouona ukuta wako. Sidhani mistari ile ndiyo iliyoujenga. Nadhani umejengwa na kule kuiruka. Mtu akiwa na jambo moja ambalo hataki mwenzake aliguse, mazungumzo yote mengine nayo yanapoa, hata yale ya salamu. Wewe unapiga magoti ukiwa umeshaamua kwamba leo habari ya kaka haitatajwa, na Mungu unayemwomba anajua kwamba ndiyo habari pekee iliyojaa moyoni mwako.

Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo, unaweza kumpenda huku neno lake linakuumiza, ilimradi umwambie yeye mwenyewe kwamba linakuumiza. Yule mama Mkanaani wa Mathayo 15 alifika akilia kwa ajili ya binti yake, na kwanza Yesu hakumjibu hata neno. Kisha akamwambia maneno ambayo mimi, baada ya kuyafundisha kwa muda mrefu, bado yananichoma: si vema kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa. Mama yule hakuondoka, wala hakujifanya hakusikia. Alilichukua neno lile lile akamrudishia: hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Na hapo akapata alichokuja kukitafuta, pamoja na sifa ambayo Petro mwenyewe hakuwahi kupewa: "Mama, imani yako ni kubwa." Imani kubwa katika habari ile ni ya mtu aliyeng'ang'ana na Yesu kwa neno lililomuuma.

Swali la pili ndilo zito. Kuna mstari ninaotaka uuandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, Yohana 7:17. Yesu anasema kwamba mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, atajua habari ya mafunzo yale, kama yatoka kwa Mungu. Utaratibu tuliouzoea shuleni ni kuelewa kwanza, kisha kutenda. Kwa Yesu inakuwa kinyume: unatenda kile kidogo ulichokwisha kukisikia, na katika kukitenda unamjua aliyekisema. Ukisubiri mpaka Mathayo 6:15 iache kukuumiza ndipo uanze kuitii, utakaa hapo ulipo mpaka uzeeni. Ukianza kuitii kwa kipande kidogo kinachowezekana leo, utamkuta yeye ndani ya kipande hicho. Ndiyo sababu mafundisho magumu yanatusogeza kwake kuliko mepesi. Yale mepesi tunaweza kuyatenda peke yetu. Haya hayatendeki bila kumwita.

Sasa tuiangalie mistari yenyewe.

Luka 14:26 ilisemwa njiani, Yesu akielekea Yerusalemu na makutano mengi yakifuatana naye. Luka anasema aligeuka, akawaambia. Mtu anayetafuta umaarufu angefurahi kuona umati ule nyuma yake, lakini yeye anawatajia gharama mapema, na papo hapo anawapa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara ambaye lazima kwanza aketi apige hesabu asije akaishia kwenye msingi. Humu ndani kuna upendo wa mtu asiyetaka kumdanganya mwenzake.

Kuhusu kumchukia mzazi, mfafanuzi bora wa Yesu ni Yesu mwenyewe. Katika Mathayo 10:37 fundisho hilo hilo linasema juu ya mtu apendaye baba au mama kuliko yeye. Katika Marko 7 anawakemea vikali watu walioacha kuwasaidia wazazi wao kwa kisingizio kwamba mali imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Na msalabani, akiwa katika maumivu yale, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Basi mtumishi yeyote atakayekuambia umwache mama yako bila chakula wala dawa kwa ajili ya Yesu, anapingana na Yesu.

Lakini nisikulainishie kupita kiasi, maana neno lile limebaki na makali yake. Sisi tumelelewa tukiambiwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kwetu ukoo ndio bima, ndio benki, na mara nyingi ndio mahakama. Yesu anadai kukaa juu ya hayo yote. Kule Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, miongoni mwa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga waliouawa kwa ajili ya imani alikuwemo Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji siku ile, Mukajanga, ndiye aliyemlea kama mwanawe. Alimsihi aikane imani apone, na kijana akakataa. Mukajanga akaamuru apigwe kwanza shingoni ili moto usimkute akiwa hai. Mbaga hakuacha kuwa mwanawe. Alichomnyima ni kitu kimoja tu, neno la mwisho juu ya maisha yake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumpa Kristo.

Nikiisoma barua yako kwa makini, dada, naona kwamba shamba ni sehemu tu ya maumivu yako, na huenda si sehemu kubwa. Kaka umemwandikia nusu sentensi. Kisha ukaongeza kwamba mama yuko upande wake mpaka leo. Nafikiri unasubiri mama akwambie siku moja, "Mwanangu, ulidhulumiwa." Ni haki yako kutamani hivyo, nami naomba alitamke akiwa hai. Ila inawezekana asilitamke kamwe, na wewe umeifunga amani yako kwenye mdomo wake. Luka 14:26 inakufikia hapo hapo. Yesu anakuomba umwondoe mama kwenye kiti cha hakimu, ubaki kumpenda kama mama. Mpelekee sukari na mchele kama kawaida, mkae, mcheke. Hukumu ya kama ulidhulumiwa au la tayari iko kwa Mungu, naye hahitaji ushahidi wa mama.

Hapa lazima niweke onyo, kwa sababu watu wamekufa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wakamwone Yesu, watoto wakiwemo. Hao nao walidhani wanatii neno gumu. Kuna namna ya kupambanua, na Yesu mwenyewe ameitoa katika Mathayo 23, anapowasema wale wanaofunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, wao wenyewe wasitake kuigusa hata kwa kidole. Kila neno gumu la Kristo, yeye ndiye aliyetangulia kulibeba. Aliyesema tuuchukue msalaba aliuchukua. Aliyesema tuwaombee watesi aliwaombea waliompigilia misumari. Ukiona mtu anakuamuru jambo zito ambalo yeye haligusi, tena linaloongeza mali yake au mamlaka yake juu yako, ondoka hapo, hata kama amelinukuu neno la Biblia kwa usahihi.

Tuje kwenye Mathayo 6:15, palipo na kidonda chako.

Kwanza, hao wanaokuambia "samehe, sahau" wana nia njema, lakini wameongeza neno ambalo Yesu hakulisema. Soma habari ya Yusufu, ambaye ndugu zake walimuuza yeye mwenyewe, sembuse shamba. Walipofika Misri kutafuta nafaka hakuwakumbatia siku ile ile. Mwanzo 42 mpaka 44 ni sura tatu nzima za kuwapima, kuona kama wamebadilika, na katikati yake anajitenga kando akilia. Mwisho, baba yao alipokwisha kufa na wao wakaogopa, aliwaambia wazi kwamba kweli walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Hakusema hawakumkosea. Alilitaja kosa kwa jina lake, akawasamehe, kisha akawalisha wao na watoto wao. Kumbukumbu na msamaha vilikaa pamoja ndani ya mtu mmoja.

Pili, linganisha Marko 11:25 na Luka 17:3. Katika Marko, Yesu anasema tunaposimama na kusali tusamehe tukiwa na neno juu ya mtu. Mkosaji hayupo pale. Pengine hajui hata kama unasali. Katika Luka anasema ndugu yako akikosa umwonye, akitubu umsamehe. Mimi naisoma mistari hii miwili kama kazi mbili. Moja ni ya kwako na Mungu, ya kuiachilia mikononi mwake haki ya kulipiza kisasi, na hiyo haimsubiri kaka. Nyingine ni ya kwako na kaka, ya kurudisha undugu, na hiyo inahitaji aonywe na atubu. Umeshindwa kwa sababu watu wanakudai zote mbili kwa mkupuo mmoja, Jumatano jioni kwenye jumuiya. Mathayo 6:15 inakudai ile ya kwanza. Ile ya pili usiifungie mlango, lakini usijilaumu kwamba haijatimia wakati kaka hajasema lolote.

Tatu, mfano wa wadeni wawili katika Mathayo 18. Mahubiri mengi yanauharibu mfano huu kwa kusema deni la pili lilikuwa senti kidogo. Halikuwa kidogo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima shambani, kama Mathayo 20 inavyoonyesha, kwa hiyo dinari mia ni karibu miezi minne ya jasho la mtu. Ukimdai mtu mshahara wako wa miezi minne hutalala vizuri. Yesu anajua kwamba ulichofanyiwa kina uzito. Kisha analiweka deni hilo kando ya deni la kwanza, talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hiyo yule mtumwa alidaiwa siku milioni 60 za kibarua, zaidi ya miaka 160,000 bila kupumzika hata siku ya Sabato. Deni hilo halilipiki, na alisamehewa lote kwa mara moja. Kosa lake ni kwamba alitoka nje, akamkamata koo mwenzake, kana kwamba kule ndani hakukutokea kitu. Basi ukifika kwenye 6:15 usiisome kama hakimu anayekusubiri ukosee. Isome ukiwa umesimama kwenye mlango ule, umetoka tu kufutiwa siku milioni 60, na mwenye deni lako la miezi minne anapita barabarani.

Kuna mtu wa huku kwetu aliyelipitia hili waziwazi. Festo Kivengere alikuwa askofu wa Kigezi, Uganda, na mtoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Januari 1977 alihubiri Bushenyi juu ya thamani ya uhai wa binadamu, maafisa wa serikali ya Idi Amin wakiwa wameketi wanamsikiliza. Mwezi uliofuata maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma, na tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Kivengere na mkewe wakakimbia kwa miguu, wakivuka milima kuingia Rwanda. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba uhamishoni moyo ulianza kuwa mchungu, na kadiri chuki juu ya Amin ilivyokua ndivyo ushirika wake na Mungu ulivyokauka. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, ndani ya kanisa moja mjini London, akiyatafakari maneno ya Yesu, "Baba, uwasamehe", alijiona anaulizwa: je, kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale waliopigilia misumari, Yesu angemtoa kwenye sala ile? Akajua kwamba asingemtoa. Akaomba msamaha kwa ajili ya uchungu wake, akaomba neema ya kumsamehe Amin. Hakuacha kusema waziwazi juu ya maovu ya utawala ule, wala hakurudi Kampala kumkabidhi Amin shingo yake. Alirudi baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979.

Kwa hiyo unaweza kumsamehe kaka mbele za Mungu na bado ukalifuatilia shamba. Lifuatilie kwa utaratibu wa Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, kisha kanisa. Paulo, katika 1 Wakorintho 6, anasikitika kwamba ndugu wanapelekana mahakamani kabla ya kumtafuta hata mmoja mwenye hekima kati yao, tena anathubutu kuuliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko hivyo. Hilo nalo ni neno gumu. Mimi silisomi kama amri ya kuwaachia wadhulumaji kila kitu, maana Paulo huyo huyo alikata rufani kwa Kaisari alipoona haki inapindishwa. Nalisoma kama swali la kujiuliza kabla ya kwenda baraza la ardhi: nataka shamba lirudi, au nataka kaka aaibike? Ukiweza kujibu kwamba unataka shamba, nenda na mashahidi wako. Ukiona ni aibu yake unayoitaka, subiri kwanza, endelea kuomba.

Na kama kuna dada mwingine anasoma hapa ambaye anapigwa nyumbani, na ameambiwa arudi kwa sababu Yesu amesema tusamehe: kusamehe hakukudai urudi mahali unapopigwa. Toka kwanza, uwe salama wewe na watoto. Maombi ya msamaha unaweza kuyafanya ukiwa kwa shangazi.

Nikupe sasa kazi ya asubuhi, kwa kuwa umeniuliza ufanye nini. Kwa mwezi mmoja acha kwenda na sura mpya. Rudi kwenye Mathayo 18, kuanzia mstari wa 15 mpaka mwisho, usome kwa sauti, pole pole, hata kama watoto watasikia. Kisha mwambie Yesu ukweli uliopo siku hiyo. Ukiwa na hasira, sema una hasira. Zaburi 88 imo kwenye Biblia na inaishia gizani bila neno la faraja, na bado ni sala. Baada ya hapo litaje jina la kaka. Jina tu. Yupo mama mmoja katika usharika niliohudumu, aliyedhulumiwa vibaya kuliko wewe, ambaye kwa majuma mengi hakuweza kuongeza kitu baada ya lile jina. Alikuwa akilitaja, ananyamaza, anasema amina, anaenda kuwasha jiko. Siku moja akajikuta ameongeza, "Mpe afya." Aliniambia alishtuka mwenyewe, akakaa chini. Aliyemdhulumu hakuwa amebadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni yeye, na neno lake kwangu lilikuwa kwamba asubuhi ile alimjua Yesu kuliko siku aliyookoka.

Usiharakishe kufika alipofika yeye. Jina likitoka kwa shida, limetoka. Siku ambazo halitoki kabisa, sema, "Bwana, leo halitoki," na hiyo nayo ihesabu kuwa umesali.

Swali lako la tatu ni kuhusu Chakula cha Bwana. Wengi wakiwa na jambo moyoni hukaa mbali na meza mwaka mzima wakiamini wanamheshimu Bwana. Mathayo 5:23-24, unaosomwa mara nyingi kuwazuia, unamhusu mtu anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, yaani yeye ndiye mkosaji. Kwako ni kinyume. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 11, anasema mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Kujihoji kunaishia mezani. Kama umeamua kwamba kaka hutamsamehe kamwe na hutaki hata kuombewa jambo hilo, basi nenda kwanza kwa mchungaji wako kabla hujashiriki. Lakini siyo uliyoniandikia. Uliniandikia "siwezi", na asiyeweza ndiye aliyeandaliwa meza. Mweleze mchungaji wako haya yote wiki hii, mpige simu kama hamwezi kuonana, akuombee, na siku ya Chakula cha Bwana panga foleni na wenzako, ushiriki.